Ng'ombe Wako, Kuku Wangu

Bweri, Musoma

Dada Wankyo,

Habari ya hapa ni mvua. Majirani bado wananiitaga mjasiriamali, kwa sababu kibao cha "Keraryo Kuku Bora" kingali kimesimama. Kuku wenyewe walikufa wote kwa kideri. Semina ya ujasiriamali ilitufundisha kuthubutu. Kuzika vifaranga waliiachia semina nyingine.

Juzi Baba alipiga simu kutoka Butiama. Alisema mumeo amekupiga tena, unataka kurudi nyumbani, na wakwe zako wanadai kwanza ng'ombe zao.

"Zile nilizokuachia ziko wapi, mwanangu?"

Nikamjibu mtandao unasumbua.

Dada, ng'ombe za mahari yako ndizo zilizokuwa mtaji wangu. Nilikuwaga najisifu kwamba mjasiriamali ni mtu asiyeogopa hasara. Kweli sikuogopa. Hasara ilikuwa yako.

Leo nimempigia Baba, nimemwambia yote. Akasema, "Mwambie arudi hata kesho. Ng'ombe utazitafuta wewe."

Nimepata kibarua cha kubeba matofali Nyakato. Ondoka huko Kabasa, dada, uje hapa. Chumba changu ni chako. Mimi nitalala bandani, harufu nimeshaizoea.

Mdogo wako asiye na kuku,
Keraryo