Njiwa Wawili kwa Ajili ya Wafula

Kabiro, Kawangware
Jumatatu

Mama mpendwa,

Uko salama? Na hayo magoti, yanakuruhusu kufika kisimani? Huku tuko wazima. Wafula ananyonya kama kibarua wa mjengo aliyetoka kazini na anachekea hata paka wa jirani. Kliniki bado wanamfunga mguu plasta kila wiki, na unanyooka polepole.

Nimeandika kwa sababu kwa simu ungenikatiza. Ulisema nisimpeleke mbele ya kanisa kuombewa mpaka mguu uwe sawa. Nilikutii miezi minne, Mama, na iliniuma.

Kisha kwenye maombi ya nyumba kwa nyumba tukasoma Walawi: mama maskini akijifungua alileta njiwa wawili, na mnyama wa sadaka hakutakiwa kuwa na kilema. Unanijua nikishika jambo. Nikaamua kutafuta njiwa wazima kabisa, wafunike kasoro ya mtoto. Nilienda Kibera kwa Mzee Ramadhani, Mnubi ninayemfulia nguo, ambaye anafuga njiwa nyuma ya ploti yake. Nilikagua vidole vyao kimoja kimoja. Akacheka, akasema hata wao Waislamu wakati wa Idi huangalia mnyama hivyo hivyo. Nikanunua wawili, nikarudi nikiwa na uhakika zaidi.

Jana nikaingia kanisani na mtoto mgongoni na boksi la njiwa mkononi. Mchungaji wetu, mama anayeuza githeri katikati ya wiki, akalifungua.

"Nekesa, hawa ni wa nini?"

Nikamweleza yote. Nilidhani atanicheka, lakini aliketi kando yangu.

"Mnyama alikuwa anakaguliwa kwa sababu alikuwa anaenda kufa kwa niaba ya mtu," alisema. "Hiyo kazi Yesu alishamaliza. Siku hizi tunajileta wenyewe, tukiwa hai, vile tuko. Sasa huyu kijana unataka nimkague nini?"

Nililia, Mama. Nililia kwa aibu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimkagua tangu azaliwe.

Tukaitwa mbele, plasta ikiwa nje ya leso, na kanisa zima likamwimbia. Njiwa walipikwa na akina mama waliobaki kufagia, nami nikala paja bila haya.

Nisalimie kaka Simiyu na ng'ombe wake, na shangazi Nafula wa kwaya. Mwambie leso aliyotuma ndiyo nambebea mtoto.

Sikulaumu. Najua ulitaka kumkinga na midomo ya watu. Lakini Desemba tunakuja, na pengine plasta itakuwa bado ipo. Nakuomba jambo moja tu. Jumapili ya kwanza usiniachie mimi. Umbebe wewe mpaka mbele, mguu ukionekana, uwaambie watu huyu ndiye Wafula, aliyerithi jina la Baba, mume wako.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Nekesa