Aliyenishikia Tochi

Jumatatu, 4 Novemba
Olaedo kanipa kazi tena! Mpwa wangu huyu ana jarida lake dogo la hadithi za ajabu, maroboti na wafu wanaotembea, na katika Enugu nzima mhakiki anayemwamini ni mimi. Fundi jenereta! Shule niliacha darasa la sita, walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha.

Kaniletea mkusanyo mpya, majina ya waandishi kayakata yote. Ndiyo desturi yake. "Mjomba, mji huu kila mwandishi ni shemeji ya mtu. Soma hadithi, usisome ukoo." Uhakiki wangu atausoma ukumbini Jumamosi, siku ya uzinduzi wa kitabu.

Nashukuru. Nani mwingine wa rika langu anayeletewa vitabu mpaka gereji?

Jumanne, 5 Novemba
Ya kwanza: roboti analia machozi ya oili. Oili haitiririki hivyo. Nimeandika.

Ya pili nzuri.

Ya tatu—nimeibiwa!

Fundi anatengeneza jenereta msibani, giza totoro, marehemu anainuka kumshikia tochi. Hiyo YANGU! Ilinipata mimi, kule Ngwo. Maiti, na kofia yake nyekundu ya cheo! Kilabuni kwa Mama Obiageri nimeisimulia mpaka mbwa wake anaijua.

Jumatano, 6 Novemba
Nimempigia Olaedo. Akasema nikiandika wizi, wachapishaji—mtu na mkewe tu—watakiondoa kitabu, na mwandishi huyo ndiyo kwanza anaanza. Una hakika, Mjomba? Nina hakika!

Kilabuni mnywaji mwenzangu Ozoemena kacheka mpaka pombe ikamtoka puani. "Mwenzako ana kitabu, wewe una mdomo. Mwizi nani hapo?"

Sheria yetu ya kilabu anaijua. Ukikamatwa na kisa cha mwenzako, unashika jagi, unawamiminia wote umesimama, kisha hufungui mdomo mpaka soko la Nkwo lirudi tena, siku nne nzima. Mimi, nikae kimya! Bora nizikwe.

Jumamosi wanakuja wote. Na jagi lao.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimeisoma tena, natafuta kosa. Hakuna.

Humo fundi anamuuliza marehemu: mzee, umeinukia nini? Naye anajibu: "Kesho mnanizika. Nilitaka kufaa mara moja zaidi."

Nikaweka kurasa chini. Miaka yote nimesimulia, wala sikuwahi kumuuliza.

Basi nimeandika: hii ndiyo bora kuliko zote. Anayekijua kisa hiki kwa namna nyingine amshukuru mwandishi, kama ninavyomshukuru mimi. Wizi sikuutaja. Nimempelekea Olaedo haraka, kabla sijageuka.

Jumamosi, 9 Novemba
Naandika nje ya ukumbi, nimekalia ndoo.

Olaedo kasoma uhakiki wangu. Makofi! Yangu! Akamwita mwandishi wa ile ya tatu—mwanamke, Nwakaego, wa Ngwo. Akanijia moja kwa moja, akanishika mkono, akanivuta pembeni.

"Mjomba, hunikumbuki. Msiba ule ulikuwa wa baba yangu. Tochi niliishika mimi. Kofia yake msichana haigusi, lakini kulikuwa giza, na mimi nilikuwa namtaka baba yangu, nikaivaa. Ukaniambia, asante mzee, mkono wako hautetemeki. Msiba mzima hakuna mwingine aliyeniambia asante."

Nikautazama mkono ulionishika.

Akasema nisihofu, wenzangu hawatalisikia jambo hili kwake. Nikatoka nje kupunga upepo.

Sasa Ozoemena anapiga kelele ndani: "Fundi! Njoo utuambie mbele ya mwandishi, tochi alishika nani?" Wanacheka. Vikombe mkononi. Namwona Nwakaego kupitia mlango, ananitazama mimi tu.

Jagi wameliacha hapa nje kwenye kivuli, limejaa. Kwa mkono mmoja silibebi, na shajara lazima niifunge. Wakiniona nalo watadhani nimekuja kunywa, mpaka nisimame na kuwamiminia—