Meneja wa Nyumba Mbili

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwenye nyumba uliyoiacha na kelele zake, ambayo sasa imenyamaza kupita kiasi. Goti lako limetulia? Na shemeji, bado anakoroma hadi madirisha yanatikisika? Nibusie watoto wote, hata yule aliyeota ndevu akajiona hafai tena kubusiwa. Mimi mwili ni mzima. Usingizi ndio umenigomea, na kinachouzuia ndicho kimenifanya nikuandikie badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungenikatiza, tungegombana, nami ningepata kisingizio cha kutosema.

Habari yenyewe ni ya Meneja. Alikuwa wako kabla hajawa wangu. Wewe ndiye uliyemkuta kwenye boksi la viatu nyuma ya duka lako, kitoto cha paka chenye rangi ya chungwa, na wewe ndiye uliyempa cheo, kwa vile alivyokuwa akikagua vyumba kila asubuhi mkia juu kama anayetafuta wachelewaji wa kuwakata mshahara. Ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza.

Tangu miezi ya baridi alikuwa akichechemea mguu wa nyuma. Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo, yule binti mwenye sauti ya upole ambao hunikera, akasema ni viungo vya uzee. Alinipa matone ya maumivu ya kuchanganya na chakula kila asubuhi. Niliyapima kwa uangalifu wote, na haukupita muda Meneja akarudi kuruka dirishani. Nikatamba mtaa mzima kwamba nimemrudisha ujana. Kisha akaanza kushuka. Akawa anakunywa maji bila kutosheka, chakula anakinusa na kukipa mgongo, na uti wake ukachongoka hata nikaogopa kumpapasa.

Damu ilipopimwa, daktari alisema figo zimekufa karibu zote. Aliniuliza kama kuna dawa nyingine anayopewa. Nilimjia juu, Dada, nikamuuliza kama ananiona mtu wa kumwagia paka kila chupa anayoiokota. Akajibu taratibu kwamba hapana, ila kiasi alichoniandikia hakikupaswa kumfikisha pale. Alimtundikia maji kwa siku kadhaa, na hayakusaidia. Hapo akanishauri nifikirie sindano ya kumlaza moja kwa moja. Nikamwambia kazi yake ni kutibu, si kufunga mafaili, nikambeba paka wangu nikaondoka.

Nyumbani sikuweza kufanya lolote. Nilikaa sakafuni karibu na kabati la shuka alikojificha, nikisikiliza anavyopumua. Nikiwahi, namwibia siku zake. Nikichelewa, namtesa kwa kuuhurumia moyo wangu. Kila alipokataa kijiko cha supu nilisema kesho nitaamua, na kila aliponiitikia kwa kale kasauti kake nilijiona muuaji kwa kuwaza tu. Mhariri alipiga simu kuulizia makala yangu, nikamweleza, akasema ni paka tu. Nilimwambia hata yeye ni mhariri tu, nikakata.

Alasiri moja nikatoka kidogo kununua maziwa, na niliporudi kabati lilikuwa tupu. Nilipekua hadi ndani ya mashine ya kufulia. Nikatoka barabarani nikiita kama mwendawazimu, na ng'ambo, kwenye dirisha la Mzee Kipaza, nikamwona. Amelala mapajani mwa mzee!

Unamkumbuka Mzee Kipaza, karani mstaafu wa mahakama, na redio yake inayosikika mpaka kituo cha basi. Tangu tangi lake livuje kwenye ukuta wangu, nami nikaandika gazetini juu ya wastaafu wanaodhani mtaa ni chumba chao cha mahakama, naye akanijibu kwenye safu ya barua za wasomaji, hatujawahi kusalimiana. Nikivuka yeye anaingia ndani. Yeye akifagia mimi nafunga dirisha. Basi nilivuka kwenda kupigana, nikaugonga mlango wake kwa ngumi.

Alinifungulia akiwa amembeba. Akasema Mama Makala, punguza sauti, Shemeji amelala. Nilimuuliza shemeji gani. Akaniambia, bila aibu yoyote, kwamba huyu bwana alikuja miaka mingi iliyopita kumposa paka wa marehemu mkewe. Posa ilikataliwa lakini shemeji akabaki, na kila jioni huja kula kwake. Mimi niliyedhani jioni Meneja yuko kwenye doria!

Akanikaribisha jikoni. Kwenye rafu, kando ya bakuli dogo la bluu, palikuwa na chupa. Dada, ilikuwa chupa ileile. Matone yaleyale, kutoka kwa daktari mwingine upande wa pili wa soko. Mzee naye alimwona akichechemea. Naye alimpeleka kwa teksi, ndani ya kapu la marehemu. Naye alimpa kila jioni, akipima kwa miwani miwili puani. Akanieleza kwa fahari jinsi matone yalivyomfanya aruke tena.

Nikatoka kwenye kibaraza nikampigia yule binti daktari, nikamweleza habari ya chupa ya pili. Akasema dozi moja ingemfaa. Dozi mbili kwa muda wote huo, kwa paka wa umri ule, zilitosha kuziua figo, na figo zilizokufa hazirudi. Uamuzi ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kwamba sasa nilijua nani kamfikisha pale. Ni sisi wawili na ununaji wetu. Ningemuuliza hata mara moja tu habari za jioni, angenitajia paka.

Nilirudi ndani nikamweleza mzee alichosema daktari kuhusu figo. Sababu sikuitaja. Alizima redio. Akauliza kama Shemeji anaumia, nikasema ndiyo, akasema basi tusimcheleweshe kwa sababu yetu. Maneno niliyokuwa nikiyakimbia aliyasema yeye, kwa pumzi moja.

Nilimwita binti daktari, akaja hapohapo kwa mzee. Meneja alilazwa mapajani mwa mzee, kwenye kiti kilekile, mimi nikiwa nimemshika kichwa na mguu wa mbele. Sindano ilipoingia hakushtuka. Alinitazama, akamtazama mzee, kama anayehakikisha wafanyakazi wote wamefika, kisha kichwa kikawa kizito mkononi mwangu.

Ndipo mzee akaniuliza. Alisema, Mama Makala, una mdomo mchafu lakini huna uongo, hilo hata mahakamani ningelithibitisha. Niambie, yale matone yangu hayakumdhuru? Daktari akaacha kukunja mpira wake wa kufungia mguu, akaniangalia. Nami, niliyewavua nguo mawaziri gazetini kwa uongo mdogo kuliko huo, nikamwambia hayakumdhuru hata kidogo, yalimpa raha. Daktari akainama akafunga mkoba wake.

Tangu siku hiyo mzee ananisalimia kila asubuhi. Amemleta fundi wa tangi. Kila salamu inanichoma, na leo zaidi, kwa sababu anakwenda kule ng'ambo ya soko kumrudishia daktari wake chupa, imfae paka mwingine, na kumshukuru. Daktari huyo atamuuliza Shemeji amekufa kwa ugonjwa gani, na akisikia ni figo atayataja matone. Nilijitolea kuipeleka mimi, akakataa, anataka nimsindikize.

Nimemsikia langoni, ananiita. Anakusalimu sana, nilimwambia nakuandikia. Anasema nikushukuru wewe uliyemtoa Shemeji kwenye boksi, maana tangu mkewe afariki hakuna mwingine aliyekuwa akimsubiri jioni. Chupa ameishika mkononi, ameifunga kwenye leso safi.

Nikishaibandika bahasha hii natoka kumwambia ukweli, kabla hatujafika kwenye kona. Salimia wote, na uniombee niyapate maneno.

Ni mimi mdogo wako,
mkorofi wenu.