Risasi Iliyokosekana kwenye Jedwali Langu

Alhamisi, saa kumi jioni. Mawingu yametanda juu ya mji toka asubuhi na mvua imegoma kunyesha. Naogopa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo la kweli kuliko yote nitakayoandika leo.

Nilifundisha kemia sekondari kwa miaka tisa kabla ya kurudi chuo kusomea shahada ya uzamili katika ikolojia ya viwanda. Nikiitaja kwa watu, wananiuliza kama ni mambo ya kupanda miti. Mimi huwaambia tunakichukulia kiwanda, au soko, au mji mzima, kama kiumbe kinachokula na kwenda choo. Tunapima kilichoingia, kilichotoka, na kilichobaki tumboni.

Mwanzoni nilichoogopa ni hesabu tu. Darasani mimi ndiye mkubwa kuliko wote. Wenzangu wanapiga hesabu za matriksi kama wanachati, mimi bado natafuta kalamu. Jaribio la kwanza nilifeli. Nilikaa kwenye ngazi za maktaba nikalia, nikafuta uso, nikaenda kumchukua mwanangu.

Mwanangu ni Glory, ana miaka minne. Tunaishi Magomeni, na tangu nianze masomo nimekuwa nikimwacha kila asubuhi kwa baba mdogo na mama mdogo, Kariakoo, upande wa Gerezani. Baba mdogo ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki. Kazi yake ni betri za gari zilizokufa. Anazipasua, anatoa risasi, ile metali nzito iliyomo ndani, anaiyeyusha kwenye sufuria kubwa ya chuma juu ya mkaa, palepale uani. Kisha anaimimina kwenye kalibu kutengeneza chubwi, vile vizito ambavyo wavuvi hufunga kwenye nyavu ili zizame. Wavuvi wa soko la Feri wanamfuata wenyewe.

Kwa hiyo mhadhiri wetu alipotuambia kila mmoja achague kitu kimoja na kukifuatilia kwa wiki mbili, sikuumiza kichwa. Nilichagua risasi ya baba mdogo.

Kanuni ya zoezi ni rahisi kuisema. Unachora mpaka, unapima kila kinachovuka kuingia na kila kinachovuka kutoka. Hakuna kinachopotea. Kama hakikutoka, kimo ndani. Mimi mpaka wangu niliuchora kwenye ukuta wa ua. Asubuhi napima betri, jioni napima chubwi na yale mabaki meusi yanayoganda juu ya sufuria. Baba mdogo alifurahi sana. Aliwaambia wateja kwamba binti yake amehamishia chuo kikuu uani kwake.

Baada ya wiki mbili jedwali lilikataa kufunga.

Nilitoa uzito wa asidi, nikatoa plastiki, nikatoa kila nilichokumbuka kutoka kwenye kemia yangu. Bado risasi ilipungua. Kwa macho ya kawaida ni kama ndoo moja nzima iliingia pale uani na haikutoka. Nilirudia hesabu mara nne. Kisha, nakiri hapa, nikaandika mstari mmoja chini ya jedwali: kosa la upimaji. Nikaenda kulipeleka kwa mhadhiri nikijua atanisema.

Hakunisema. Aliweka kidole kwenye mstari wangu wa mwisho.

"Mpaka wako umeuchora wapi?" aliniuliza.

"Kwenye ukuta wa ua, Profesa."

"Na ndani ya ukuta kuna nani?"

Nikafungua mdomo nimtajie. Baba mdogo. Mama mdogo, ambaye anapika hatua sita kutoka kwenye ile sufuria. Jina la tatu halikutoka.

Kwenye daftari langu la vipimo, pembeni, nilikuwa nimeandika mambo ya kujisomea mwenyewe. Glory anachora chini kwa kijiti. Glory amelala kwenye mkeka. Glory analamba vidole, kamaliza embe. Wiki mbili nilikaa pale na mizani yangu, nikimwangalia, na sikumhesabu.

Sikumbuki nilivyofika Kariakoo siku ile. Nakumbuka tu nikipita katikati ya watu na mabelo ya nguo huku nikiyapanga mambo ambayo kwa miezi nilikuwa nayaita ukaidi wa Glory. Tumbo linalomuuma kila mara. Chakula anachokataa. Maneno aliyokuwa akiyatamka vizuri ambayo sasa anayakosea. Nilimchapa mara moja kwa ajili ya hayo. Naandika ili nisijifanye sikufanya.

Mwalimu wa kemia, jamani. Nilikuwa naandika ubaoni kwamba risasi ni sumu.

Nilimkuta baba mdogo anapuliza mkaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mbona mapema leo?"

Nilimwomba aketi, nikampa jedwali. Alivaa miwani akalisoma mstari kwa mstari, kama anavyosoma kila kitu. Nikamweleza ile ndoo imeenda wapi: imekuwa moshi, imekuwa vumbi, imetua kwenye mkeka na kwenye mikono.

"Kwa hiyo unasema namlisha mjukuu wangu sumu," alisema.

"Nasema hatujui, baba. Twende tukapime damu. Wote."

"Nimeyeyusha hii kitu tangu hujazaliwa, Aika. Imekusomesha. Mbona mimi ni mzima?"

Mama mdogo alikuwa anachagua mchele pale kibarazani. Akauweka ungo chini.

"Mzee," alisema, "tangu mwaka jana huwezi kufunga vifungo vya shati. Nakufunga mimi."

Baba mdogo aliviangalia vidole vyake. Baadaye akainuka, akachota mchanga kwa koleo, akaumwaga juu ya mkaa mpaka moshi ukakoma. Nilimbeba Glory nikatoka naye nje, ingawa sikujua kama nje ni salama kuliko ndani.

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita, na kesho yake tukatolewa damu wote. Asubuhi ya leo tumeenda hospitali kuchukua majibu.

Daktari ni msichana mdogo, pengine rika la wanafunzi wangu wa kwanza. Aliongea taratibu. Mama mdogo anayo risasi damuni, si sana. Glory anayo, imezidi, lakini haijafika pa kulazwa. Asirudi tena pale uani, anawe mikono, ale dagaa, maziwa na mboga, na tumrudishe akapimwe upya. Nilimuuliza kuhusu maneno yake, kuhusu kichwa chake.

"Mama, siwezi kukuahidi," alisema. "Tutamfuatilia."

Hilo neno nalijua. Ndiyo kazi ninayosomea, kufuatilia. Sikuwahi kulisikia likiwa baya hivyo.

Baba mdogo ndiye aliyezidi kuliko wote. Jumatatu analazwa kuanza dawa ya sindano. Aliposikia, kitu pekee alichouliza ni kama mtoto naye atachomwa sindano. Alipoambiwa hapana, aliitikia kwa kichwa, tukarudi nyumbani kwangu Magomeni, ambako sasa tumebanana wote.

Nilidhani hofu itapungua nikishajua. Haijapungua. Imepata anwani tu.

Kwa sababu lipo jambo jingine, na hili ndilo limenifanya nifungue ukurasa huu leo badala ya kulala kama mama mdogo alivyonisihi. Siku zile tukisubiri majibu, Profesa alikuja mwenyewe uani, kajifunga kitambaa puani. Tulifagia vumbi tukalipima. Tulichukua udongo wa pembeni na wa katikati. Akanionyesha jinsi ya kukadiria kilichozama ardhini kwa miaka yote hiyo, na safari hii hesabu ziliniingia, maana kila tarakimu ilikuwa na mtu wake. Nikaliandika jedwali upya.

Bado halifungi.

Pengo limekuwa dogo, lakini lipo, na moshi hauna habari na ukuta wangu. Nyuma ya ukuta ule anaishi mzee Salim, muuza vitambaa, ambaye babu yake alitoka Arabuni. Ni jirani yetu tangu nikiwa mtoto. Mwezi wa Ramadhani mkewe hutuletea sahani za futari, na Pasaka mama mdogo humrudishia zikiwa zimejaa. Mkwe wao amejifungua mapacha mwaka huu. Nepi zao zinaanikwa kwenye kamba upande wa pili wa ukuta, mahali moshi wetu ulikokuwa unaelekea kila jioni.

Niliwaza kunyamaza. Nilijiambia sina uhakika, sijapima kwao, nisubiri muhula uishe. Niliwaza baba mdogo ataonekanaje mtaani, mgonjwa, na majirani wakimwita muuaji. Niliwaza kwamba wanaweza kutupeleka polisi na watakuwa na haki. Saa nane mchana nikampelekea baba mdogo jedwali jipya, nikamwonyesha mstari wa mwisho, kile kilichovuka ukuta kwenda kwa mzee Salim na wale mapacha, nikasubiri aniambie niache.

Alisoma akavua miwani.

"Hawa ni wajukuu wa Salim," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Kesho, akitoka swala ya Ijumaa. Nitaongea mimi. Wewe beba karatasi."

Kisha akamwita mama mdogo amtafutie shati safi la kesho.

Nimechapisha nakala mbili, moja yetu, moja yao. Nimefuta maneno yote ya kitaalamu nikaandika kwa lugha ambayo mama yeyote ataielewa. Nimeandika na jina la daktari na siku anazokuwepo. Glory amekaa miguuni pangu anaimba wimbo, nusu ya maneno kayakosea, na mimi nasikiliza kila neno.

Tutaingia kwa mzee Salim, tutasalimiana, watatukaribisha chai kama kawaida yao. Baada ya hapo, tutaanzaje?