Tyubu Zenye Vizibo Vyekundu

Jumatatu, 10 Februari 2025

Tyubu za kioo zimefika kituo chetu cha afya kutoka Iringa. Nesi Yusta ametueleza sisi wanakamati: damu ya aliyeumwa na nyoka inakaa humo dakika ishirini bila kutikiswa. Ikiganda, asubiri. Isipoganda, apewe dawa ya sumu. Rahisi hivyo! Miaka arobaini hapa Idodi nimeona watu wakichanjwa kwa wembe na kubandikwa jiwe jeusi.

Alipoondoka nikaziosha kwa sabuni ya unga, moja moja. Kwetu Rungwe chombo kipya hakitumiki kabla ya kuoshwa, mama asingenisamehe. Sabuni ikaisha. Nne zenye vizibo vyekundu nikaziacha.

Alhamisi, 13 Februari

Liberatus ameumwa mguuni akipalilia mpunga. Dakika ishirini — damu majimaji. Yusta akampa vichupa vyote vya dawa. Jioni anakula ugali, anatamba kwamba aliyekufa ni nyoka. Tumepiga makofi!

Ijumaa, 14 Februari

Mkufunzi wa Iringa amempigia Yusta simu. Tyubu zilioshwa? Sabuni huzuia damu kuganda, hata ya mtu mzima wa afya. Basi huenda Liberatus hakuhitaji dawa. Na friji ya dawa ni tupu mpaka wiki ijayo.

Kikaoni Yusta alisema kakuta pakiti tupu ya sabuni kando ya tyubu, akauliza nani kaziosha. Kimya. Nami kimya — mimi niliyewasomea wenzangu mwongozo kwa sauti!

Jumapili, 16 Februari

Chiku. Mke wangu. Kaumwa na nyoka, kifutu, kwenye rundo la kuni, asubuhi hii. Mguu umevimba hadi goti.

Naandika kando ya kitanda. Yusta ametumia tyubu yenye kizibo chekundu.

Chiku ananitania: wewe Mnyakyusa, hata leo daftari? Kisha akanishika kidole.

Dakika ishirini. Yusta ameinamisha tyubu. Damu imetiririka kama chai.

Hakushtuka. Amesema labda na hii ni ya sabuni, babu. Tumwangalie mpaka kesho. Barabara ya kwenda hospitali Iringa ni mashimo na matope, asiteswe bure.

Chiku akaitikia. Amechoka, anataka kulala.

Nimesema, "Sista, hiyo sikuiosha."

Yusta amenitazama. Kisha ametoka mbio, anamwita dereva.

Mkono wa Chiku umeachia kidole changu. Macho yake yako wazi. Ananiuliza: zipi uliziosha, Ambokile?