Injini ya Mkwe

Jumamosi, Kilosa

Na injini yenyewe ni nzima, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ingekuwa mbovu, ningepata la kusema.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ameileta leo kutoka Dar, zawadi, juu ya lori lililokwenda kupeleka mahindi. Tangu biashara iwe huria, injini za mtumba za Japani zimejaa huko, naye akachagua iliyong'aa. Lakini imetoka kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, na injini ya namna hiyo hufungwa kwa upana. Gari letu la mashindano husukumwa na magurudumu ya nyuma. Injini yake hulala kwa urefu. Haiingii. Wiki ijayo mwanangu Yohana anatakiwa Mikumi kuanza mbio, na chini ya boneti hamna kitu.

Mkwe hakaripiwi. Basi nikamwita Yohana, nikamweleza kwa sauti, mkwe akisikia, tofauti ya injini hizo mbili. Nikachora hata mchangani. Yohana, ambaye anayajua yote hayo, akawa anaitikia tu, "Ndiyo, baba. Ndiyo, baba."

Mkwe alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akatabasamu.

"Kumbe baba ni mwalimu kwelikweli! Kwa hiyo nimepatia?"

Yohana akanitazama.

"Umepatia, mwanangu," nikasema. "Ahsante sana."

Yohana akashusha boneti juu ya nafasi tupu, akaenda kulala bila kula.