Kitambaa cha Mama Kwenye Picha

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka chumba kilekile na meza ileile yenye mguu mfupi, ambayo leo nimeikunjia gazeti chini ili mwandiko wangu usicheze. Natumaini kifua kimeacha kukusumbua na wakubwa wako wamekupunguzia zamu kama walivyoahidi. Sisi huku tunashukuru. Mimi mzima, nimenenepa kidogo, na usicheke. Mama anakula, presha imeshuka, ila kuna habari ya bega lake nitakayokueleza huko mbele. Nakuomba kitu kimoja tu: usiiweke barua hii chini kabla hujafika mwisho, maana nakujua ulivyo na hasira za karibu.

Barua yako kwa mama ilifika Jumanne. Nimekupigia simu mara nane na mara zote umekata, ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu kama watu wa zamani. Umeandika kwamba likizo hii huji nyumbani, na kwamba hutasema na mama mpaka aende kupiga magoti mbele ya mama mdogo. Mimi sikulaumu. Kwa uliyoyaona kwenye picha, hata mimi ningeandika hivyo. Lakini uliyaona kutoka mbali, na ni haki yako kujua yalivyokuwa.

Wewe kesi ilikukuta umeshaondoka, ukawa unasoma ya magazetini. Magazeti yote yalikuwa ya Komeo: Komeo kipa wa taifa, Komeo asiyefungika, Komeo kapanda kizimbani na suti ya kijivu. Taratibu wetu walimwita "dereva wake", basi, kama vile alizaliwa garini. Hawakuandika kwamba alikuwa mtoto pekee wa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, wala kwamba mama yake tumemwita mama mdogo tangu hatujaota meno, ingawa hatuna damu moja. Hawakuandika kwamba yeye ndiye aliyekufundisha wewe baiskeli, na kwamba jina la Taratibu tulimpa kwa sababu hata gari la mgonjwa angeliendesha kama amebeba mayai. Alikutwa amekufa chini ya ngazi za nyumba ya Komeo baada ya wawili hao kugombana, na kwa miezi kumi na minne mahakama ikatafuta kama alianguka au alisukumwa.

Siku ya hukumu jaji alisoma kwa saa mbili. Alisema mlinzi wa getini alitoa maelezo mawili yanayopingana, na upande wa mashtaka ulishindwa kuthibitisha bila kuacha shaka. Komeo akaachiwa. Hukusema uongo ulipoandika kwamba nchi nzima imepasuka vipande viwili, lakini njoo uone mtaa wetu. Kinyozi wa kona aliirudisha ukutani picha ya Komeo aliyokuwa ameishusha, na mteja mmoja akainuka kwenye kiti akiwa amenyolewa upande mmoja, akaenda zake hivyohivyo. Siku ya pili alirudi na kofia kuomba amaliziwe, kinyozi akamwambia akamaliziwe na jaji. Wapo waliochoma jezi za namba moja, wapo waliozivaa hadi kazini. Fundi viatu na mkewe hawajasemezana tangu siku hiyo, na wanatumana watoto kuulizana chumvi iko wapi. Na watoto wenyewe, dada, wakicheza mpira hakuna anayetaka kukaa golini, wakati zamani walikuwa wanapigania nafasi hiyo.

Halafu ikatoka ile picha. Ninaijua kuliko uso wangu. Umati nje ya mahakama, jezi nyingi, na katikati mwanamke mmoja aliyepigwa picha kwa nyuma, mikono yote miwili ameinyoosha juu, kichwa amekirusha nyuma, na ingawa uso hauonekani kila mtu anajua kwamba anapiga vigelegele. Kichwani ana kitambaa cha rangi ya chungwa, na kwenye pembe inayoning'inia pana alama ya kahawia ya pasi. Wewe ndiye uliyekiunguza kitambaa hicho ukikinyoosha kabla ya kumtumia mama, ukamwandikia kwamba akivae tu, alama haionekani. Imeonekana, dada. Kwa siku tatu ilizunguka kwenye simu zote, na watu wasiotujua wakamtukana mwanamke huyo mpaka kwa wazazi wake.

Asubuhi picha ilipofika mtaani tulikuwa bombani, foleni ya ndoo. Msusi alikuwa na simu, akampa mama aitazame, akamuuliza kwa upole kabisa kama kile kitambaa si chake. Mama aliitazama picha muda mrefu. Kisha akasema ndiyo, ni yeye, alikwenda mahakamani, mlango ukafungwa, akabaki nje na wenzake. Msusi akamuuliza na vigelegele? Mama akasema na vigelegele. Akachukua ndoo yake, nusu tupu, akarudi nyumbani.

Tangu hapo mtaa umemgeuzia mgongo. Wanawake wenzake wa kikundi cha ushonaji walimwambia apumzike kwanza, na ukiona mtu anaambiwa apumzike wakati hajasema amechoka, ujue amefukuzwa. Mama mdogo, aliyekuwa haanzi siku bila kupita kwetu, akaacha kupita. Mama naye akawa anatoka kichwa wazi. Watu wakasema aibu imemvua kitambaa. Mimi nilijaribu kumfunga, akanitoa mikono kichwani, akasema sijui kufunga.

Na hapo ndipo ikaingia barua yako. Miwani ya mama imevunjika mkono mmoja, hivyo barua zako namsomea mimi. Nilifika pale ulipoandika kwamba mwanamke aliyekula chungu kimoja na mama wa marehemu kwa miaka thelathini, halafu akaenda kumshangilia aliyeshtakiwa kwa kumuua, wewe humjui na si mama yako. Nilitaka kuruka. Mama akaniambia soma mwanangu, usirukeruke, maneno ya dada yako yote nayataka. Nikasoma mpaka mwisho. Akaikunja, akaiweka chini ya mto, akaniuliza kama kuna nguo za kuanua.

Dada, yule kwenye picha ni mimi.

Nimeliandika, na sitalikata. Siku ya hukumu mama aliamka presha imepanda, hawezi hata kusimama. Aliomba kitambaa chake, nikapiga magoti mbele yake, akanifunga mimi, akasema niende nikakae mahali ambapo mama mdogo akiinua macho atakiona, ajue kwamba mwenzake yupo naye hata kama miguu imemkatalia. Hilo tu ndilo alilonituma. Lakini msimamizi alinichelewesha kazini, nilipofika milango ilikuwa imefungwa, nikabaki nje katikati ya jezi. Mtu akatoka mbio, akapaza sauti kwamba ameachiwa, na kabla sijafikiri lolote mikono yangu ilikuwa juu na sauti ilikuwa imetoka. Nilipoishiwa pumzi ndipo nilipokumbuka kilicho kichwani mwangu. Nikakimbia. Mama mdogo hakuniona.

Utaniuliza kwa nini, na usiponiuliza nitakasirika. Unakumbuka Taratibu alipomleta Komeo mtaani, kwenye kiwanja cha nyuma ya ghala, akawadakia watoto penalti? Alidaka zote. Wavulana wote walirudi vichwa chini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nimevaa ndapa, zile kandambili za bafuni, wakanicheka kabla hata sijapiga. Nikapiga, ukaingia. Yeye alianguka upande wa pili kabisa, kisha akainuka akanipigia makofi. Wewe ulisema ameniachia kwa makusudi, nikakununia wiki nzima. Dada, tangu siku ile mimi nilimpenda yule mtu kama mjomba. Kwa miezi kumi na minne nimekaa na mama mdogo nikimpangusa machozi na kuitikia kila alichosema, na moyoni nilikuwa naomba aonekane hana kosa. Ukiniuliza leo kama alimsukuma, sijui. Siku ile nilitaka asiwe amefanya, na nilipoambiwa hakufanya nilifurahi kama mjinga. Hiyo ndiyo dhambi yangu ya kwanza.

Ya pili ni kubwa zaidi. Mama aliposema bombani kwamba ni yeye, mimi nilikuwa nyuma yake, ndoo mkononi, nikanyamaza. Nyumbani nilimlilia kwamba nitakwenda kusema. Akanikataza. Alisema yeye ni mzee, watu watamsema watachoka, lakini mimi nafanya kazi meza moja na mama mdogo na siku zangu za kuishi hapa bado nyingi. Nikamsikiliza upesi mno, maana ndicho nilichotaka kusikia. Wiki tatu nimemwacha mama abebe mzigo wangu, nikamsomea na matusi yako juu yake.

Unajua kazi yetu ya pale chumba cha kufulia cha hoteli. Shuka kubwa haikunjwi na mtu mmoja. Kila mmoja anashika pembe mbili, mnaivuta, mnaikung'uta, kisha mnasogeleana mpaka mikono ikutane na mmoja amkabidhi mwenzake. Mama mdogo aliporudi kazini nilipangwa naye kama zamani. Kwa siku moja tunakutana hivyo mara mia mbili, uso kwa uso, na mara mia mbili nilitazama shingo yake. Jumatano, siku moja baada ya barua yako, nilishindwa. Tuliposogeleana na pembe zangu zikafika mikononi mwake, sikuziachia. Nikamwambia yule si mama, ni mimi.

Alisema anajua. Alisema amejua tangu dakika ile alipoiona picha. Na hapa ndipo bega linapoingia, dada, jambo tulilokuficha usihangaike huko uliko. Mwaka juzi mama alianguka kwenye stuli akitundika pazia, na tangu hapo mkono wa kulia haupandi juu ya kifua. Anaficha, mtaani hawajui. Mama mdogo anajua kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akipita kila asubuhi kumfunga kitambaa, maana mama hawezi kujifunga mwenyewe. Akaniambia kwamba mwanamke wa kwenye picha ana mikono miwili mizima, na yeye mkono wa rafiki yake anaujua uzito wake. Nikamuuliza kwa nini basi aliacha kupita. Alisema alikasirika. Si kwa vigelegele, bali kwa sababu mwenzake wa miaka thelathini alimdanganya mbele ya watu, na mimi nikamwangalia machoni na kumkunjia shuka. Akaapa hatii mguu kwetu mpaka mmoja wetu aseme ukweli.

Nikamweleza ile penalti, nikidhani itanisaidia kidogo. Akaikunja shuka peke yake juu ya meza, vibaya, kona hazikulingana. Kisha akasema kwamba jioni ya siku ile mwanawe alirudi nyumbani anacheka hadi anashika ukuta. Alikuwa amemnong'oneza Komeo kwamba yule binti mwenye ndapa ni mdogo wake, wamemcheka, amwachie mpira upite. Komeo alikataa, alisema hajawahi kumwachia mtu. Taratibu akamwambia asipomwachia atarudi mjini kwa miguu.

Basi, dada. Bao langu lilikuwa la Taratibu. Miaka yote hii aliyekuwa ananidai shukrani ni yeye, na nilikwenda kuzipigia vigelegele nje ya kesi ya kifo chake. Nililia pale katikati ya mashuka mpaka msimamizi akaniuliza kama nimeungua na pasi. Mama mdogo akamwambia ndiyo, kidogo, itapoa.

Jana asubuhi aliingia kwetu bila kubisha hodi, kama zamani. Mama alikuwa kwenye kiti. Mama mdogo akakitoa kile kitambaa kwenye msumari, akasimama nyuma yake, akaanza kumfunga. Mwisho mama akalalamika kwamba amekaza mno, mama mdogo akamwambia avumilie, ni wiki tatu za deni. Wakatoka pamoja kwenda bombani, wakapanga foleni, na mimi nikabaki jikoni nikiwa na aibu na furaha kwa pamoja. Jumapili nitasimama mbele ya kile kikundi cha ushonaji niseme mwenyewe. Nimeshamwambia msusi, kwa hiyo nadhani kufikia Jumapili watakuwa wanajua wote.

Mimi nikasirikie, dada, ni haki yako, na nitakusubiri. Lakini barua yako bado iko chini ya mto wa mama. Mpigie. Njoo likizo. Mletee na miwani mpya, ile imevunjika mkono mmoja kama nilivyosema, namba ya vioo anayo yeye. Mama mdogo anakusalimu sana, anasema baiskeli ya marehemu ni yako, ipo, imeshika kutu kidogo tu.

Jambo la mwisho. Mama hajanisamehe kwa kusema, na bombani bado anawaambia watu kwamba ni yeye. Ukimpigia atakuambia hivyohivyo. Usimwamini.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye ndapa